Kwa Nini Mkate Mtamu na Mkate wa Chumvi Hupikwa Chungu Kimoja

Sogeeni karibu, lakini anayepukuchua aendelee kupukuchua, na anayesaga asage. Kisa hiki hakihitaji mikono yenu, kinahitaji masikio tu. Nami nilisimuliwa na shangazi yangu, mama aliyekuwa hapendi kupamba maneno, kwa hiyo nitawapa kama nilivyopewa.

Zamani, kabla vilima hivi vya Isuba havijajaa nyumba, watu walikuwa hawali mahindi mabichi. Mahindi yaliachwa shambani mpaka yakauke na majani yake yapige kelele kwa upepo, ndipo yakavunwa, yakatiwa ghalani, yakatwangwa yakawa unga. Mtu akikutwa ametafuna hindi lenye maziwa aliaibishwa mbele ya watu. Wazee walisema kwamba kula hindi bichi ni sawa na kuchinja ng'ombe mwenye mimba: unashiba leo, na kesho yako umeila. Wakati huo hakuna mwanamke aliyejua mkate wa mahindi mabichi, wala wa chumvi wala wa asali.

Basi paliishi mama mmoja mjane, akiitwa Tunsume, na wanawe wawili. Mkubwa aliitwa Lugano na mdogo aliitwa Kajuni. Lugano alioa mwanamke wa kule ziwani, jina lake Sekela. Kajuni alioa mwanamke wa juu milimani, jina lake Mbonile. Nyumba ya Sekela ilikuwa upande wa mawio, ya Mbonile upande wa machweo, na kibanda cha mama mkwe kilikuwa katikati, mlango wake ukitazama uwanja ambao wote waliufagia.

Sekela alipokuja kuolewa alikuja na chumvi. Kwao ziwani chumvi haikuwa shida, na kila ndugu yake aliyekuja kumtembelea alimletea fuko moja pamoja na dagaa wakavu. Mbonile yeye alikuja na asali, kwa sababu baba yake alikuwa na mizinga msituni. Miaka ya kwanza walipendana. Aliyepika maharage alimwita mwenzake aje aonje, aliyepika uji alimpelekea mwenzake kibuyu. Mama Tunsume alikuwa akisema kwamba amezaa wavulana wawili tu, lakini Mungu amemwongezea binti wawili bila uchungu.

Kilichowatenganisha ni jambo zito, na nawaomba msilipokee kama umbea.

Sekela alipata mimba ya kwanza, na siku zake zilipotimia uchungu ukamshika vibaya, mchana wa mvua kubwa. Mama Tunsume alijaribu kila alichokijua, kisha akamwambia Mbonile, "Mwanangu, kimbia ng'ambo ya mto ukamwite mkunga. Mimi peke yangu siwezi." Mbonile akatoka mbio. Mkunga alikaa karibu, mtu angeweza kwenda na kurudi kabla chungu cha maharage hakijaiva. Lakini Mbonile hakurudi upesi. Mvua ilipiga, ikanyamaza, jua likaonekana kidogo magharibi, ndipo akaonekana anakuja na mkunga nyuma yake, wote wamelowa. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, na alikuwa ameshakufa. Alikuwa wa kiume.

Sekela akiwa amelala pale aliuliza neno moja tu. "Ulikuwa wapi?"

Mbonile akainamisha kichwa.

Hakujibu siku hiyo, wala siku ya kumzika mtoto, wala baadaye. Na miezi sita ilipopita Mbonile akajifungua msichana, mzima, mwenye sauti kubwa. Sekela alisikia kilio cha yule mtoto kutoka nyumbani kwake, na tangu hapo hakukanyaga tena upande wa machweo. Lugano, kwa kumtii mkewe, alikata matete akajenga ua kupita katikati ya uwanja. Ua ule ulifika katikati ya mlango wa kibanda cha mama, kibanda kikawa na njia mbili, moja ya kila mkwe.

Miaka mitatu ikaenda hivyo.

Mnaweza kudhani kwamba mama mkwe alinufaika, maana kila mmoja alitaka kuonyesha kwamba yeye ndiye mkwe mwema. Asubuhi Sekela alileta ugali na mboga ya chumvi nzuri, akasimama mlangoni kutazama. Hajaondoka vizuri, Mbonile naye akaleta uji wa asali, akasimama kutazama. Jioni kila mmoja alikuja kuchukua chombo chake, na macho yake yalikwenda kwanza kwenye chombo cha mwenzake, kuona kimebaki nini. Mama Tunsume akimaliza cha huyu, yule alirudi kwake analia. Akimaliza cha yule, huyu alinuna siku tatu. Akaanza kula nusu ya kila kimoja. Nusu hizo nazo zikapimwa kwa macho, ikasemwa kwamba nusu ya fulani ilikuwa kubwa.

Siku moja, katika mwezi ule mgumu ambao ghala za zamani zimekwisha na mahindi mapya bado yana maziwa, mama Tunsume alivisukuma vyombo vyote viwili.

"Mama, huli?" akauliza Mbonile.

"Sili."

Sekela akaitwa, akapita kwa njia yake, akasimama upande wake wa mlango. "Mama, unaumwa wapi?"

"Siumwi popote," akasema yule mzee. "Nimechoka. Tumbo langu mmelifanya baraza la kesi. Kila tonge nikilimeza nimemhukumu mtu. Vichukueni vyombo vyenu."

Walidhani ni hasira ya siku moja. Siku ya pili hakula. Wanawe walikuja wakapiga magoti, akawapa mkono akawaambia waende zao. Siku ya tatu aliacha kukaa, akalala akiwa ameelekea ukutani, na sauti yake ikawa ndogo. Alikuwa mzee, hana meno isipokuwa mawili ya mbele, na mwili wake haukuwa na akiba. Lugano na Kajuni walianza kutazamana kama watu wanaofikiria kuchimba kaburi na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitaja.

Alasiri ya siku ile ya tatu ikaja mvua ya mawe.

Shangazi yangu alisema kwamba yalikuwa makubwa kama mayai ya kanga. Yalipiga muda mfupi tu, lakini yalipoacha kupiga, kilima kizima kilikuwa cheupe, na mashamba ya mahindi yalikuwa yamelala chini kama mikeka. Migomba ilichanwachanwa majani yakabaki nyuzi. Jiko la Sekela lilianguka juu ya vyungu vyake, havikupona hata kimoja. Kwa Mbonile paa lilitoboka, maji yakaingia, vyungu vyake vidogo vikapasuka, lakini kwenye pembe moja ya jiko moto ulibaki hai, makaa machache chini ya majivu. Katika boma lote hapakuwa na moto mwingine.

Kulipopambazuka Sekela alikwenda shambani. Alisimama katikati ya yale mahindi yaliyovunjika, akachuma moja, akalimenya, akalibonyeza kwa kucha. Maziwa yakamrukia kidoleni. Alijua kwamba yote yale yataoza ndani ya siku nne au tano. Alijua pia kwamba ghalani kwake hakuna hata debe la unga. Alisimama pale kwa muda. Kisha akajaza kapu, akajitwisha, akapita njia ambayo hakuipita kwa miaka mitatu. Hakuhitaji kuuzunguka ua wa matete, maana nao ulikuwa umelala chini, akaukanyaga.

Mbonile alikuwa jikoni anapuliza makaa. Alipoinua uso akamwona Sekela amesimama na kapu kichwani, alishtuka. Alisogeza kigoda kimoja.

"Sina moto," akasema Sekela.

"Upo huu."

"Na sina chungu."

"Mimi pia sina. Kipo kile kikubwa cha mama tu."

Sekela akatua kapu. "Nimeleta mahindi mabichi. Najua ni mwiko."

Mbonile akayatazama. "Ng'ombe mwenye mimba akishakufa," akasema, "nyama yake haiachiwi fisi."

Basi wakakaa wakapukuchua, kila mmoja kwenye ungo wake. Walipojaribu kuzitwanga punje, zikaruka na kuwatapakaza nyuso. Wakahamia kwenye jiwe la kusagia. Mahindi yakatoka rojo, jeupe, zito, lenye harufu ya majani mabichi. Sekela akalijaribu kwa kidole. Lilikuwa laini mno, ugali hautashikana. Lilikuwa zito mno, si uji. Lakini lilikuwa laini kiasi cha kuliwa na mtu asiye na meno, na hilo wote wawili waliliona kwa wakati mmoja.

"Mama anaweza kulimeza hili," akasema Mbonile.

"Likitiwa chumvi," akasema Sekela.

"Likitiwa asali."

Wakatazamana. Hapo palikuwa na hatari ya kurudi kule kule walikotoka. Chungu kilikuwa kimoja, moto ulikuwa mmoja, kuni kavu zilikuwa chache kiasi kwamba hazingetosha kupika mara mbili, na mzee alikuwa na siku nne hajala. Wakagawana rojo; Sekela akaleta chumvi yake, akaitia kwenye rojo lake, akachanganya na maharage yaliyobaki tangu juzi na dagaa kidogo aliowaokoa. Mbonile akachukua ndizi mbivu zilizopondwa na yale mawe, akazifikicha kwenye rojo lake, akatia asali. Kila mmoja akabaki ameshika bakuli lake, wanakitazama chungu.

Sekela ndiye aliyetoka nje. Aliizunguka migomba mmoja mmoja mpaka akapata majani machanga ambayo yalikuwa bado yamejikunja, mvua haikuyachana. Akaja akayababua juu ya moto yakalainika, akaweka rojo lake katikati, akakunja jani huku na huku, akafunga kwa kamba ya mgomba. Ikawa kama mtoto aliyeviringishwa. Mbonile aliona akaelewa. Majani yalikuwa yamekwisha, lakini pale chini palijaa maganda ya yale mahindi waliyoyamenya. Akayachagua mapana, akayapanga mawili mawili, akatia rojo lake tamu, akakunja.

Wakapanga magunzi ndani ya chungu, chini kabisa, ili mikate isiguse maji, wakaweka ya Sekela upande mmoja na ya Mbonile upande mwingine, wakafunika. Kisha hapakuwa na kazi nyingine ila kuuchunga moto.

Mbonile ndiye aliyesema kwanza. Alisema huku anatazama moto.

"Lile gogo la kuvukia lilikuwa limechukuliwa na maji. Siku ile."

Sekela hakugeuka.

"Niliingia," akasema Mbonile. "Maji yalinifika kifuani. Yakaninyanyua, yakanibeba mpaka kwenye mizizi ya mkuyu, nikashika mzizi. Dada Sekela, na mimi nilikuwa na mimba. Ya miezi mitatu. Nilikuwa sijamwambia mtu. Pale kwenye mzizi nilikuwa naiona nyumba ya mkunga, karibu kama ule mgomba. Ningeweza kujaribu tena. Nikaogopa. Nikarudi ukingoni, nikakaa mpaka maji yalipopungua. Nilimchagua wangu."

Kuni ikaanguka, akairudisha.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Wako alikuwa amelala kwenye mkeka, amefunikwa. Wangu alikuwa hai tumboni."

Shangazi yangu alipofika hapa alikuwa ananyamaza, nami nilikuwa nadhani amesahau. Hakuwa amesahau. Alisema Sekela alilia, lakini si kilio cha sauti, na Mbonile hakumgusa, maana alijua hajapata ruhusa. Sekela hakusema amesamehe. Watu wa wakati ule hawakuwa na haraka na neno hilo. Alipomaliza kulia alipangusa uso kwa kiganja, akafunua chungu kuangalia, akaona mkate mmoja wa Mbonile umefunguka, ganda limeachana na rojo linataka kumwagika.

"Mkate wako unavuja," akasema.

Akautoa kwa vidole, unaunguza, akaukunja upya, akauzungushia kamba yake mwenyewe ya mgomba, akafunga fundo. Kisha akairudia mikate yote ya Mbonile, mmoja baada ya mwingine, akaifunga kamba. Mbonile alikuwa anampa, yeye anafunga.

Ilipoiva walikipeleka chungu chenyewe kibandani kwa mama, wamekishika masikio huku na huku, wakaingia mlangoni pamoja. Lugano na Kajuni walikuwa wamekaa mle ndani. Waliposikia miguu ya wake zao wote wawili inakuja pamoja, walisimama.

Mama Tunsume alikuwa amelala. Mbonile akamwinua akamwegemeza kifuani pake. Sekela akaingiza mkono chunguni. Wote walimwona alipopita upande wa majani ya mgomba, akaenda upande wa maganda, akatoa mkate mtamu, akaumenya, akamega, akautia mdomoni mwa mzee.

"Nini hiki?" mama akauliza, kwa sauti ile ndogo.

"Ni cha Mbonile, mama. Ni kizuri. Kula."

Yule mzee alifumbua macho akamtazama Sekela muda mrefu, kama mtu anayehakikisha kwamba hajafa. Kisha akatafuna kwa fizi zake, akameza. Alikula mkate ule wote, polepole, na katika nyumba ile hapakuwa na sauti yoyote ila ya kutafuna. Ulipokwisha, Mbonile akanyoosha mkono chunguni, naye akachukua wa jani la mgomba.

"Na hiki ni cha dada Sekela. Kina chumvi ya kwao. Kula, mama."

Mama akala na huo. Akaomba maji. Rangi ilianza kumrudia usoni. Kajuni alikuwa anageuka ukutani ili watu wasimwone. Lakini Lugano alikuwa mtu mwenye furaha isiyojua kukaa kimya, na furaha ikamponza. Akasema, "Mama, tuambie basi, upi umekupendeza zaidi?"

Wale wanawake wawili wakaacha kupumua.

Mama Tunsume alimgeukia mwanawe. "Lugano," akasema.

"Naam, mama."

"Chukua mtungi. Nenda kachote maji."

"Mama, maji yamo tele, mvua imenyesha jana..."

"Mtoni," akasema mama.

Na mtu mzima yule, mwenye ndevu, mwenye mji wake, akachukua mtungi akateremka mtoni mbele ya macho ya jirani zake wote. Aliporudi mikate ilikuwa imekwisha, amebakiziwa mmoja wa chumvi na mmoja wa asali.

Siku ile ile Sekela na Mbonile walipita nyumba kwa nyumba, wakionyesha wanawake wenzao jinsi ya kusaga, kukunja na kupanga magunzi. Palikuwa na wazee walionung'unika juu ya mwiko, lakini walinung'unika huku wanakula. Mahindi yaliyolala mashambani hayakuoza. Watu waliyapika, wakala, na mikate iliyobaki waliianika juu ya dari za majiko, ikawavusha mpaka viazi vilipokomaa. Katika Isuba yote mwaka ule hakufa mtu kwa njaa. Mama Tunsume aliishi misimu mingine minne, na ule ua wa matete hakuna aliyeuinua, uliishia kuwa kuni. Sekela hakupata mtoto mwingine. Lakini yule msichana wa Mbonile, alipokua akaulizwa mama yake ni nani, alikuwa anauliza kwanza, "Yupi?"

Na tangu siku hiyo, mahindi yakitia maziwa, wanawake walioolewa katika boma moja hukutana kwenye moto mmoja. Wa chumvi hufungwa kwa jani la mgomba, wa asali hufungwa kwa ganda la hindi, na yote huingia chungu kimoja, hata kama vyungu vimejaa nyumbani. Hakuna anayekula kwanza mkate alioufunga mwenyewe. Huanza na wa mwenzake, akausifu kwa jina, ndipo akala wake. Waliokosana wakati wa palizi hujua kwamba mpaka mahindi yatie maziwa watakuwa wamepata la kuambiana.

Na mgeni akija akala yote miwili, akajisahau akauliza upi ni mtamu zaidi, hatumjibu. Awe kijana, awe mkwe, awe mwenye cheo kikubwa namna gani, tunampa mtungi, tunamwonyesha njia ya mtoni.